Maswali ya wasomaji: wanaitika ndiyo, kisha hawafanyi

Safari hii tumepokea barua na odio nyingi kuhusu jambo moja tu, ushauri wa kilimo: nani anautoa, unafika namna gani, na mbona unaishia njiani. Kilichonichekesha ni kwamba wenye kutoa ushauri wanalalamikia walimaji, walimaji nao wanalalamikia wenye kutoa ushauri, na wote wameniandikia mimi hapa Bukavu badala ya kuambiana. Haya, tuanze.

Yaya, jambo. Mi niko agronomu kijana, shirika limenipa vijiji upande wa Kabare nifundishe watu juu ya mnyauko wa migomba, ule watu wanaita wilt. Ku mkutano kila mtu anaitika ndiyo, wanapiga hata makofi, ila nikirudi nakuta migomba migonjwa bado imesimama pale pale, na panga linatoka ku mgomba mgonjwa linaingia ku mzima. Ni ukaidi ao? Nifanye nini wasikie?
*Agronomu kijana, Kabare*

Mdogo yangu, kusikia wamesikia. Kwanza niambie, uliwaomba wafanye nini hasa? Ju kama uliwasomea yale ya makaratasi ya zamani, kwamba ukiona shina moja linaugua ung'oe mgomba wote, mama na watoto na wajukuu, na mizizi yake, ufukie, halafu ungoje miezi ndipo urudishe ndizi hapo, basi uliwaomba kitu ambacho mwenye kashamba kadogo hawezi. Kung'oa mgomba mzima kwa jembe ni kazi ya kuvunja mgongo, we mwenyewe jaribu mmoja tu utaniambia. Tena katika ule mgomba labda ni shina moja njo linaonyesha ugonjwa, hayo mengine yako kijani na moja limebeba mkungu karibu kukomaa, na ule mkungu ni kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kasiksi ni minervali, karo ya shule ya watoto. Anakuitika ndiyo ju wewe ni mgeni na una heshima yako, kisha anarudi nyumbani anapiga hesabu zake.

Ugonjwa wenyewe sio wa jana, huku Kongo ulionekana Masisi mwaka 2001, kwa hiyo watu wa Kivu wameshaona proje nyingi zikipita na dawa ya kung'oa. Ila kuna njia nyingine, imejaribiwa hapa hapa Kivu na inafaa sana kwa mtu mwenye mikono miwili tu: unakata lile shina linaloumwa peke yake, unalikata chini kabisa usawa wa udongo, mara tu unapoona alama, yale mengine unayaacha. Sababu ni kwamba bakteria haiingii ku watoto wote wa mgomba kwa mara moja. Kisha unarudi kupita shambani kila wiki, ukiona lingine unakata tena, wiki kwa wiki, na ugonjwa unapungua pole pole kwa miezi. Si kazi ya siku moja, na iyo lazima uwaambie wazi toka mwanzo, ju mtu aliyekata mashina mawili leo halafu mwezi ujao akaona la tatu atasema agronomu ni muongo.

Na haitembei yenyewe, inaenda pamoja na mambo mawili. La kwanza ni lile ua linaloning'inia chini ya mkungu. Nyuki na wadudu wengine wanatoka ua moja kwenda lingine na wanabeba ugonjwa, kwa hiyo kichane cha mwisho kikishatoka unalivunja ua kwa kijiti chenye panda, unalizungusha linakatika, hapana kwa panga. La pili ni panga lenyewe, ukitoka ku mgomba mmoja unalipitisha ku moto mpaka liwe moto kabisa ao unalitia ku javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo. Hapa fungua macho: panga hatari sana mara nyingi haliko la mwenye shamba. Ni la yule anayenunua ndizi za kasiksi, anapita shamba kwa shamba na panga lake moja, anajikatia mikungu mwenyewe. Kama hujaongea na wale watu, unajaza maji ku kikapu.

Sasa kazi yako ya kufundisha. Acha kukusanya watu mu kanisa na makaratasi. Peleka watu kumi mu shamba lenye ugonjwa, kata shina mbele yao, ngojeni dakika chache waone ule usaha wa njano unatoka, pasua ndizi moja waone ndani ilivyo kahawia wakati nje bado inaonekana nzuri. Halafu kile kijiti usikishike wewe, mpe mmoja wao avunje ua, akikosea ajaribu tena, wenzake watamcheka na watamsaidia, na hapo njo wanafundishana. Siku iyo fundisha ua tu. Panga ni siku nyingine.

Na angalia ulimwita nani. Kwetu Bushi mara nyingi ndizi ni mali ya baba na maharagi ni ya mama. Wewe unafika saa nne asubuhi unakuta wamama, unawafundisha kukata shina la ndizi, anakuambia ndiyo baba, lakini hawezi kukata bila kumuuliza mzee, na mzee hakuwepo, na ujumbe ukitoka kwa bibi yake anaona ni maneno ya kijiweni. Huo si ukaidi. Ongea na wote wawili siku moja, hata kama itabidi uende jioni, na kama usalama wa njia hauruhusu jioni basi siku ya mapumziko. Mwisho, kabla ya kuondoka waambie siku utakayorudi, na urudi kweli siku iyo hata kama mvua inanyesha.

Mama, aksanti kwa kazi. Niko mu koperative ya wamama huku Kalehe. Proje moja ilichukua manamba yetu ya simu, sasa inatutumia mesaji za kilimo, zinakuja Kifaransa, zingine Kiswahili kigumu cha vitabu. Wengi wetu hatujui kusoma vizuri. Na kusema kweli namba niliyotoa iko ya bwana yangu, ile simu analala nayo, mesaji nazisikia kisha siku nyingi ao sizisikii kabisa. Tufanye je?
*Mama wa koperative, Kalehe*

Mama, iyo mesaji walimtumia bwana yako, na pale ofisini ku raporo wameshaandika kwamba wewe umefikiwa. Njo ugonjwa wa hizi kazi za simu: wanahesabu mesaji zilizotoka, hawahesabu zilizoeleweka.

Siku animateri atakapopita, mwambieni hivi bila haya. Odio, hapana maandishi. Odio ya dakika mbili, kwa Kihavu ao kwa Kiswahili chenu cha kila siku, ikiongea jambo moja, na ikiwezekana sauti iwe ya mama mlimaji anayejulikana, ju mtu anamwamini haraka mwenye udongo chini ya kucha kuliko sauti ya studio. Kisha mchague mmoja mwenye simu ya androidi, yeye njo anapokea ku WhatsApp na anawachezea wote siku mnapokutana ku AVEC kuweka akiba, tayari mmekaa pamoja, hakuna haja ya kuita mkutano mwingine. Asiye na mega za intaneti anapewa kwa bluetooth ao ku kadi memori. Mkimaliza kusikiliza, maswali yenu mnayarekodi hapo hapo na mnayarudisha. Kama proje haina mtu wa kujibu odio zenu basi ile haikuwa ushauri, ilikuwa tangazo.

Radio bado ina nguvu kuliko simu kwa watu wa mbali, tena inafika vijiji ambavyo agronomu hawezi kukanyaga ju ya usalama. Radio Maendeleo ya hapa Bukavu ilianza 1993, Radio Okapi 2002, na huko kwenu hazikosi radio za jamii. Lakini saa ndiyo inaharibu. Emisiyo ya kilimo saa tano mchana mama yuko ku shamba, saa moja jioni yuko jikoni na radio iko salon kwa baba. Waulizeni wamama wenyewe saa gani wanasikiliza, mtashangaa majibu, wengine ni alfajiri sana kabla ya kwenda kuchota maji. Na kalenda pia: msimu A watu wanaanza kupanda Septemba, msimu B Februari, sasa mtu anakutumia namna ya kuchagua mbegu katikati ya Oktoba wakati maharagi yameshaota, inakusaidia nini? Ushauri wa mbegu uje Agosti, wa palizi uje wakati wa palizi.

Jambo. Ku formasiyo za kilimo watu wanakuja ju ya perdiemu na soda, wakisaini liste wanasinzia. Proje yetu haina franga nyingi. Tukiacha kulipa, nani atakuja?
*Animateri, Bukavu*

Watakuja wachache, na ni wale unaowataka. Kulipa tiketi ya mtu aliyetoka mbali ni haki yake, hapo sina neno. Ila kumleta mlimaji mjini akae ku kiti cha plastiki siku mbili kuangalia picha ku ukuta, ndiyo ulipe ju unamnyima siku mbili za jembe! Shamba shule lilipoanza Indonesia mwaka 1989 na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kwa walimaji wa mpunga waliokuwa wanasumbuliwa na wadudu, kikundi kilikutana ku shamba lao wenyewe kila wiki, msimu mzima, asubuhi tu, wanahesabu wadudu, wanachora, wanabishana, kisha kila mtu anaenda kwake. Fanyeni vile, kijijini kwao, saa mbili zinatosha. Na chakula mpike cha shamba lenyewe.

Yaya, mi niko na butiki ya dawa za kilimo Kadutu. Siko agronomu. Lakini watu wanatoka vijijini wanashika jani la mahindi lenye matundu wananiambia "nipe dawa ya hii". Nawauzia. Sijui kama natenda vizuri, wengine wanarudi wanasema haikufanya kitu. Naogopa kuharibu jina.
*Mwenye butiki, Kadutu*

Papa, wewe ni agronomu wao hata kama hauna diplomu, ju uko njiani, unafungua kila siku na hawakulipi kuuliza. Kuna walimaji wengi ambao mshauri pekee waliyemwona mwaka mzima ni mwenye butiki. Kwa hiyo badala ya kuogopa, jifunze maswali machache ya kuuliza kabla ya kufungua kabati.

Jani lenye matundu siku hizi mara nyingi ni kiwavi jeshi, wale wanaita "chenille légionnaire", ambaye Afrika aliingia mwaka 2016 akitokea Amerika na kwa muda mfupi akawa kila mahali. Mwambie mtu akuletee mdudu mwenyewe ndani ya kichupa, si jani peke yake. Ukimwona ku kichwa ana alama kama Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yamekaa kama pembe za sanduku, ni yeye. Kisha uliza: mahindi yako na umri gani, na kiwavi ni mdogo ao mkubwa? Hapa njo penye siri ya wale wanaorudi kulalamika. Akiwa mdogo anakwangua jani linabaki kama karatasi ya nailoni, na hapo dawa inamkuta. Akishakuwa mkubwa anashuka ndani kabisa ya moyo wa mhindi, anaziba mlango kwa mavi yake yanayofanana na unga wa mbao, unanyunyiza juu yeye yuko chini anakula. Dawa ni nzuri, mteja amechelewa, na franga zake zimekwenda.

Mwenye mistari michache ya mahindi hata usimuuzie. Mwambie apite shambani mapema asubuhi mara mbili kwa wiki, ageuze majani, akiona mayai yamekaa pamoja yamefunikwa kama na pamba ayaponde kwa vidole, na ku moyo wa mhindi wenye kiwavi atie majivu ao mchanga kidogo. Wengi wanafanya hivyo na wanavuna. Utapoteza kuuza leo, lakini msimu ujao atarudi kwako na atakuja na jirani.

Na tafadhali, ile tabia ya kumimina dawa ku chupa ya soda ili uuze kidogo kidogo, acha. Najua kwa nini mnafanya, mteja ana franga ya nusu tu. Lakini chupa haina etiketi, nyumbani kuna watoto, na kipimo anakisia kwa kifuniko. Tafuta vile vichupa vidogo vya kiwandani vyenye maandishi yake, na kama hakuna, wakusanye wateja watatu wanunue chupa moja nzima ukiwaonyesha kipimo mbele ya macho yao, na uwaambie wafunike mdomo, wavae mikono mirefu, na waoge kabla ya kula.

Sisi huku Walungu tumechoka. Walikuja na maharagi mapya yenye kupanda miti, wakasema yanazaa sana. Tukapanda. Miti ya kushikilia hakuna, mengine yakaoza chini. Hawakurudi. Sasa wengine wamekuja na mbegu zingine. Tumwamini nani?
*Wazee wa kijiji, Walungu*

Wazee wangu, mna haki. Yale maharagi ya kupanda miti hawakuwadanganya kuhusu kuzaa, mahali udongo ni mzuri yanaweza kutoa mara mbili na zaidi ya yale ya kulala chini, ju yanatumia hewa ya juu. Walichosahau ni kuuliza swali ambalo mtoto yeyote wa Walungu angeuliza: miti itatoka wapi, kilima chote kiko wazi, na kuni zenyewe mnatafuta mbali? Ushauri ule ulipaswa kuja na miche ya miti ya kukua haraka ya kuotesha ku mipaka ya shamba mwaka mmoja mbele, ao matete, ndipo maharagi yafuate. Walileta kifuniko bila chungu.

Hawa wapya msiwafukuze, wapimeni. Chukueni mbegu yao kidogo, pandeni mistari miwili mitatu pembeni ya maharagi yenu ya zamani, siku ile ile, mbolea ile ile, palizi ile ile, na iwe ku mashamba ya watu tofauti, lile la bondeni na lile la juu ya kilima. Mkivuna mpime kwa kopo moja. Kisha wamama wapike, ju kuna maharagi yanazaa vizuri lakini yanamaliza makala yote kabla ya kuiva, na iyo hesabu agronomu haandiki. Mkiyapenda, hamna haja ya kungoja mtu arudi na gari: maharagi yanajizalisha yenyewe, mbegu mnayochagua ku mimea yenye afya inabaki vile ilivyo kwa misimu, tofauti na mahindi ya hibridi ambayo ukirudisha punje zake mavuno yanashuka. Mkinunua, ulizeni kama mbegu imepita SENASEM, ile ofisi ya serikali ya kukagua mbegu, na iko na etiketi yake.

Na mkutano ukiitwa, mzee mmoja asimame aulize mbele ya wote: je, msimu ujao ni nani atarudi, na tukipata hasara tunamwambia nani? Jibu lake litawaonyesha kama ni watu wa kukaa ao wa kupita.

Mama, niko mwanafunzi wa agronomia hapa Bukavu. Tumesikia kuna programu ya simu unapiga picha jani la muhogo inakuambia ugonjwa. Sasa sisi tutapata kazi kweli?
*Mwanafunzi, Bukavu*

Mtapata, usihofu. Programu ipo, mojawapo inaitwa Nuru, imetengenezwa na PlantVillage ya chuo kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA, wale watafiti wa kilimo wenye kituo Kalambo hapa karibu yetu. Uzuri wake inafanya kazi bila intaneti, unaielekeza ku jani inakupa jibu. Itumie, tena wapeleke nayo vijijini. Ila usiangalie jani moja ukakimbia, pima majani kadhaa ya mmea mmoja na mimea kadhaa ya shamba, na ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia usiuamulie ku majani peke yake, ng'oa muhogo upasue mzizi, kuna mashamba yana majani mazuri kabisa na mizizi imeoza.

Na simu ikishasema "batobato", ule ugonjwa wa majani kukunjamana na kuwa na madoa ya njano, ndiyo kazi yako inaanza. Dawa ya kuponya mmea haipo. Mama atakuuliza, sasa nifanye je na shamba lote hili, na sombe yake, majani ya muhogo, nile nisile? Sombe unamwambia apike, ugonjwa wa muhogo haumshiki mtu. Vijiti vya kupanda msimu ujao asikate ku mimea ile, wala asimpe dada yake wa kijiji cha pili hata akiomba kwa upendo, ju virusi inasafiri ndani ya vijiti kuliko hata na nzi weupe. Mimea michache iliyougua mapema aing'oe. Halafu atauliza vijiti vizuri vinatoka wapi na kwa bei gani, na hapo kama huna jibu, picha yako haikumsaidia. Kwa hiyo kabla ya kupanda gari kwenda kijijini, pita kwanza INERA Mulungu, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, ao kwa koperative zenye mashamba ya vijiti, ujue nani anavyo mwezi huu, bei yake, na kama anaweza kuvipeleka.